Jina Ambalo Mabalozi Waliombwa Wasilitaje

Desemba 11, 2019, nikiwa katika mgahawa mmoja jijini Arusha, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nilimsikiliza Aung San Suu Kyi akiitetea nchi yake, Myanmar, dhidi ya shtaka la mauaji ya kimbari mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Mama huyu, kiongozi wa serikali ya kiraia wakati huo, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1991 akiwa katika kifungo cha nyumbani, alizungumza kwa utulivu kuhusu jimbo la Rakhine, kuhusu waasi, na kuhusu ugumu wa kumtenga mpiganaji na raia. Nilichokuwa nakisubiri ni jina. Watu ambao Myanmar ilishtakiwa kwa ajili yao wanajiita Warohingya, na katika hotuba yote jina hilo lilimtoka tu alipotaja kikundi chenye silaha ambacho kinalo ndani ya jina lake rasmi. Wanawake, watoto na wazee waliovuka mto kukimbilia Bangladesh hakuwaita hivyo hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia habari hii kwa kipimo kimoja: nani amelitamka jina hilo, amelitamka lini, na alikuwa na nini cha kupoteza alipolitamka. Kipimo hiki kimenifundisha kuhusu uhusiano wa mataifa mambo ambayo sikuyapata katika taarifa ndefu za wizara. Tunapenda kusema kwamba mateso ya watu wa dini fulani katika nchi fulani "yamechafua uhusiano" baina ya nchi mbili, kana kwamba uhusiano ni shuka jeupe na mateso ni tope. Kwa niliyoyaona, serikali hupima kwanza gharama ya kusema, kisha ndipo huamua kama imeumia.

Warohingya ni Waislamu wa kaskazini mwa Rakhine, jimbo la pwani lililokuwa likiitwa Arakan, katika nchi ambayo Wabuddha ndio wengi mno. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 ilijengwa juu ya fikra ya "makabila ya asili", na katika orodha rasmi ya makabila 135 wao hawamo. Serikali huwaita Wabengali, maana yake wahamiaji kutoka upande wa pili wa mpaka. Wapo wanaosema kwamba huu ni ugomvi wa kabila na ardhi, na kwamba dini imesingiziwa. Ugomvi wa ardhi upo kweli, lakini hoja hiyo inakwama kwa Wakaman. Hawa nao ni Waislamu wa Rakhine, wamo katika orodha ya 135, wana uraia, na bado machafuko ya mwaka 2012 hayakuwaacha. Nao walifukuzwa majumbani mwao na kuishia kambini. Mwaka 2015, baada ya shinikizo la watawa wa Kibuddha wenye msimamo mkali, bunge lilipitisha sheria nne zilizoitwa za kulinda taifa na dini, mojawapo ikidhibiti ndoa za wanawake wa Kibuddha na wanaume wa dini nyingine. Sheria ya namna hiyo haimtafuti mvamizi wa mashamba.

Vita vya jina lenyewe vilifika mezani kwa mabalozi mwaka 2016. Mwezi Aprili chombo kimoja kilizama karibu na Sittwe, watu wakafa, na ubalozi wa Marekani mjini Yangon ukatoa salamu za rambirambi zilizowaita marehemu Warohingya. Waandamanaji wakajaa nje ya ubalozi. Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa chini ya Suu Kyi mwenyewe, iliwaomba wanadiplomasia wa Marekani waliache neno hilo. Nimeishi muda mrefu kiasi cha kuona nchi zikigombana kwa sababu ya mipaka, samaki, sukari na ndege zilizozuiwa kutua. Ugomvi wa rambirambi ulikuwa mgeni kwangu.

Kofi Annan alikubali sharti hilo. Tume yake ya ushauri kuhusu Rakhine, iliyoundwa kwa ombi la Suu Kyi, iliandika waziwazi kwamba kwa kuheshimu ombi la mwenyeji wake haitatumia "Wabengali" wala "Warohingya", bali itasema Waislamu wa Rakhine. Ripoti ilitolewa Agosti 24, 2017, ikiwa na mapendekezo mazito, likiwamo la kuipitia upya sheria ya 1982. Saa chache baadaye, alfajiri ya Agosti 25, wapiganaji wa kikundi kile chenye silaha ambacho Suu Kyi angekitaja The Hague walishambulia vituo vya polisi vipatavyo 30, na jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji. Zaidi ya watu 700,000 wakavuka kuingia Bangladesh. Busara ya Annan ya kuliweka jina kando ilikuwa bei ya kuingia mlangoni, nami simlaumu, lakini mlango wenyewe ulidumu wazi kwa usiku mmoja.

Miezi mitatu baadaye Papa Fransisko alitua Yangon. Vatikani na Myanmar zilikuwa zimeanzisha uhusiano kamili wa kibalozi mwezi Mei mwaka huohuo, na Wakatoliki wa nchi ile ni kundi dogo sana lililokaa mikononi mwa jeshi lilelile. Kardinali wa Yangon alimshauri asilitaje jina. Hakulitaja. Alipovuka kwenda Dhaka na kukutana na wakimbizi 16, Desemba 1, alisema mbele yao kwamba uwepo wa Mungu leo unaitwa pia Rohingya. Baadaye aliwaeleza waandishi ndani ya ndege kwamba angelitamka neno lile akiwa Myanmar, mlango ungefungwa kwa kishindo usoni pake. Wengi walimwona mwoga. Mimi niliona mtu anayechunga kundi dogo la kondoo wake karibu na fisi, akalazimika kuchagua ni upande gani wa mto angeruhusiwa kuwa na sauti.

Majirani walikuwa na hesabu nyingine. Malaysia ndiyo iliyopaza sauti kwanza katika Jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ASEAN, ambayo mhimili wake ni kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzako. Desemba 4, 2016, Waziri Mkuu Najib Razak alisimama mbele ya umati mjini Kuala Lumpur akawataja Warohingya kwa jina na kulaani mauaji ya kimbari. Siku chache baadaye Myanmar ilisitisha kupeleka vibarua Malaysia. Fikiria hesabu hiyo: neno moja uwanjani, na kijana wa Kibuddha kutoka kijiji cha mbali na Rakhine, aliyekwisha kumlipa dalali ili aende kufanya kazi kiwandani, anaambiwa arudi nyumbani. Najib alikuwa na sababu zake za ndani; kashfa ya fedha za umma ilimzonga, na kura za Waislamu wa nchini mwake alizihitaji. Hilo halikuyafanya maneno yake kuwa ya uongo. Septemba 2017 mwenyekiti wa ASEAN alipotoa tamko juu ya Rakhine lisilotaja Warohingya, Malaysia ilijitenga nalo hadharani, jambo la nadra katika jumuiya inayoishi kwa kauli moja. Hata hivyo Aprili 2020, katika hofu ya korona, Malaysia hiyohiyo iliirudisha baharini boti iliyojaa Warohingya.

Indonesia ilichukua njia ya ukimya wenye bidii. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Retno Marsudi, alikuwa Naypyitaw, mji mkuu wa Myanmar, Septemba 4, 2017, siku moja tu baada ya bomu la petroli kurushwa kwenye ubalozi wa Myanmar mjini Jakarta. Aliingia kwa sababu hakupiga kelele, na alichoomba kilikuwa njia ya kupitisha misaada.

Kuhusu Bangladesh siwezi kuandika kama mtazamaji wa mbali, kwa sababu mimi ni mtoto wa Ngara. Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja, na kilima cha Benaco kikageuka mji kabla sisi watoto hatujaelewa kilichotokea. Nakumbuka moshi wa kuni uliofunika bonde asubuhi, miti ikipungua wiki baada ya wiki, na baba yangu, ambaye siku za kwanza aliwapelekea wageni ndizi kwa mkungu mzima, akianza kuhesabu mikungu iliyobaki shambani. Huruma na hasira zilikaa katika nyumba moja bila kugombana. Kwa hiyo niliposoma kwamba misitu ya Cox's Bazar imekatwa kwa kuni na kwamba tembo wamewaua wakimbizi kwa kuwa kambi ya Kutupalong ilijengwa juu ya mapito yao, sikuhitaji kuelezwa wenyeji wanazungumza nini jioni.

Bangladesh, iliyobeba watu wapatao milioni moja, nayo haitumii neno "wakimbizi" kwa wale wa 2017. Katika hati zake wao ni raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu. Uchaguzi huo una akili: kila barua inayotoka Dhaka inaikumbusha Naypyitaw kwamba hawa ni watu wako. Lakini makubaliano ya kuwarudisha, yaliyotiwa saini Novemba 23, 2017, yanazungumzia watu waliohamishwa kutoka jimbo la Rakhine, na jina la kabila halimo katika kichwa chake. Bangladesh ilikuwa imekwisha kuwarudisha watu kwa mikataba ya namna hiyo baada ya mikimbio ya 1978 na ya 1991 hadi 1992, na safari zote mbili sheria ya uraia ama haikuwasaidia ama iliwatoa nje kabisa. Novemba 2018, na tena Agosti 22, 2019, magari yaliwekwa tayari kuwapeleka mpakani. Hakupanda mtu. Walitaka kwanza waambiwe watakaporudi wataitwa nani.

Ndugu wa dini nao wana mizani. Saudi Arabia imewahifadhi Warohingya wengi kwa miongo kadhaa, hasa Makka, kisha mwaka 2020 ikaibana Bangladesh iwape pasipoti takriban 54,000 kati yao, huku Wabangladeshi wengi wakitegemea kazi katika ufalme huo. Udugu ulikuwepo, na karatasi ya ajira ilikuwepo pembeni yake.

China haikuwa na shida ya kuchagua. Bandari ya Kyaukphyu iko Rakhine, na kutoka hapo mabomba mawili, la gesi na la mafuta, yanakwenda hadi Kunming, yakiiepusha China na Mlango wa Malacca. Novemba 2017 Baraza la Usalama lilishindwa kupitisha azimio na kuambulia tamko la rais wa baraza, ambalo halimfungi mtu. India nayo ilikuwa ikijenga bandari Sittwe, makao makuu ya jimbo lilelile, na Waziri Mkuu Modi alifika Naypyitaw Septemba 2017 wakati vijiji vinaungua, akazungumzia ugaidi.

Ikabaki Gambia, nchi nyembamba iliyolala kandokando ya mto, inayotazama Bahari ya Atlantiki, isiyo na bomba, bandari wala vibarua Myanmar. Hapa ndipo habari inapopita mtaani kwetu. Abubacarr Tambadou, aliyekuwa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu wa Gambia, alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Arusha, katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, chini ya Mgambia mwenzake Hassan Bubacar Jallow. Mahakama ile, iliyokuwa ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, ndiyo iliyotoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kukaa nyuma ya kioo cha watazamaji, vifaa vya tafsiri masikioni, nikisikiliza shahidi akielezea kilima kilichokuwa mwendo wa siku moja kutoka kwetu. Watu wa mji walikuwa wakiijadili mahakama hiyo zaidi kwa kodi za nyumba ilizopandisha. Hatukudhani kwamba ilikuwa pia shule.

Mei 2018 mawaziri wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, walikutana Dhaka. Tambadou alikwenda badala ya waziri wa mambo ya nje, wakapelekwa kambini Cox's Bazar, na amesema mara kadhaa kwamba aliyoyasikia pale yalifanana na ushahidi aliousikiliza kwa miaka kuhusu Rwanda. Ndiye aliyeisukuma OIC hadi ikakubali, na Novemba 11, 2019 Gambia ikafungua kesi kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, gharama zikitegemea michango ya wanachama wa jumuiya hiyo. Gambia ya Yahya Jammeh ilikuwa imekwisha kujitolea mwaka 2015 kuwapokea Warohingya waliokwama baharini, ahadi ya dikteta aliyekuwa akiwatesa raia wake. Iliyokwenda mahakamani ilikuwa Gambia nyingine, iliyokuwa imetoka kumwondoa mtu huyo na ikijua ladha ya dola inayowakana watu wake.

Kwa Watanzania, herufi OIC zina historia yake. Zanzibar ilijiunga na jumuiya hiyo mwishoni mwa 1992, ikalazimika kujitoa Agosti 1993 baada ya sakata lililoutikisa Muungano, na tangu hapo anayetaja OIC bungeni hutazamwa kwa jicho la pembeni. Jirani yetu Uganda ni mwanachama tangu enzi za Idi Amin, na kanisa halijafungwa kwa sababu hiyo. Naamini hofu ile ya 1993 imetufanya tushindwe hata kuisoma kesi hii kama kesi yetu, ilhali mwanasheria aliyeibeba alijifunza kazi hiyo miongoni mwetu.

Hoja kubwa ya Myanmar mahakamani ilikuwa hii: Gambia inahusika nini? Haikuumia, mpaka wake uko maelfu ya kilomita, na nyuma yake imejificha OIC. Kama kuna mlalamikaji, ni Bangladesh, na Bangladesh ilikuwa imeweka sharti la kutofungwa moja kwa moja na kifungu cha tisa cha mkataba, kinachoipa mahakama mamlaka. Majaji hawakukubali. Walikuwa wamekwisha kusema mwaka 2012, katika kesi ya Ubelgiji dhidi ya Senegal juu ya Hissène Habré, aliyekuwa rais wa Chad, kwamba yapo mambo ambayo kila aliyetia saini mkataba anayadai kwa kila mwenzake, aumie asiumie. Januari 23, 2020, majaji wote kwa kauli moja waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki, ihifadhi ushahidi, na iripoti kila baada ya miezi sita. Julai 22, 2022, pingamizi zote za awali zilitupwa, ile ya kwamba Gambia haihusiki ikitupwa kwa kura 15 dhidi ya moja ya jaji kutoka China.

Katika amri ya 2020 kuna aya fupi niliyoisoma mara nyingi. Mahakama inasema kwamba inapotaja Warohingya, inamaanisha kundi linalojitambua lenyewe kwa jina hilo na linalodai kuwa na uhusiano wa muda mrefu na Rakhine. Lugha ni ya tahadhari, lugha ya mwanasheria anayepita kwenye utelezi. Lakini jina limo, limepigwa muhuri, siku tano tu baada ya Rais wa China, Xi Jinping, kuondoka Naypyitaw, alikokwenda kutia saini mikataba 33, ukiwamo wa bandari ya Kyaukphyu.

Kisha yakaja mapinduzi ya Februari 1, 2021, na mizani ya kila mtu ikabadilika kwa mkupuo. Suu Kyi alirudishwa kizuizini na majenerali aliowatetea The Hague. Wenzake waliounda serikali ya umoja wa kitaifa uhamishoni na misituni walitoa tamko Juni 2021, wakalitumia jina Rohingya, wakaahidi kuifuta sheria ya 1982. Sitaki kuwabeza, huenda mtu humjua jirani yake anapochomewa nyumba na moto uleule. Ila ni kweli pia kwamba hawakuwa tena na kura za Wabuddha wa kuogopa kuzipoteza, na walihitaji kutambuliwa na Marekani na Ulaya. Marekani yenyewe ilisubiri hadi Machi 21, 2022 ndipo Waziri Antony Blinken akatamka kwamba yaliyotendwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Ushahidi ulikuwapo tangu ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ya Agosti 2018. Kilichokuwa kimeondoka ni serikali ya kiraia ambayo Washington haikutaka kuiaibisha. Kwetu Ngara tulikwisha kuuona mchezo huu: Juni 1994, maiti zikielea katika mto Kagera, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikubali kusema tu "vitendo vya mauaji ya kimbari", akikwepa neno lenyewe ambalo lingedai hatua.

Februari 2024 jeshi la Myanmar, likishindwa vitani Rakhine na waasi wa Arakan Army, liliamsha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Sheria hiyo inawahusu raia. Maofisa wake walikwenda kwenye kambi za Sittwe na vijiji vya Buthidaung, wakawachukua vijana wa Kirohingya kwa mamia, baadhi yao usiku, wengine wakiahidiwa kadi za uraia wakikubali kupigana.